Maikrofoni za Kondensa za Zamani zenye Kiwambo Kikubwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyepata, au anayefikiria kununua, maikrofoni ya kondensa iliyotengenezwa miongo kadhaa iliyopita, akiwa na nia ya kuitumia studioni au jukwaani. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi, kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi: jina lililoandikwa kwenye mwili wa maikrofoni halirekodi sauti, kinachorekodi ni kapsuli iliyo nyuma ya wavu, na hali ya kapsuli hiyo leo ina uzito kuliko sifa zote ambazo aina hiyo ya maikrofoni ilijipatia zamani.

Maikrofoni ya kondensa hufanyaje kazi?

Ndani ya kapsuli kuna kiwambo chembamba sana cha plastiki kilichopakwa dhahabu, ambacho kimetandazwa mbele ya bamba la chuma lenye matundu. Kiwambo na bamba hilo kwa pamoja huwa kapasita, yaani kifaa cha kutunza chaji ya umeme. Kapasita hiyo hupewa chaji ya umeme, ambayo katika maikrofoni nyingi hutokana na volti 60 hivi, na mawimbi ya sauti yanapokisukuma kiwambo, nafasi kati yake na bamba hubadilika, na badiliko hilo huzaa ishara ndogo ya umeme. Ishara hiyo ni dhaifu mno kusafiri katika kebo, hivyo ndani ya mwili wa maikrofoni huwekwa saketi ya valvu (balbu ya kielektroniki ya zamani) au ya transista (kipuri kidogo kilichokuja kuchukua nafasi ya valvu) ili kuipa nguvu ya kutoka. Ndiyo maana maikrofoni ya kondensa haiwezi kufanya kazi bila umeme.

Tunaposema kiwambo ni kikubwa tunamaanisha kwamba kipenyo chake kinakaribia inchi moja, yaani milimita 25 hivi, au kinazidi hapo. Ukubwa huo huleta faida ya kelele ndogo za ndani, na pia huipa sauti sura yake, kwa kuwa kiwambo kikubwa huanza kuchagua upande wa kusikiliza kadiri masafa ya sauti yanavyopanda, yaani sauti inavyokuwa nyembamba.

Ni maikrofoni zipi hasa zinazokusudiwa mtu anaposema "za zamani"?

Wazo la maikrofoni ya kondensa ni la Edward C. Wente, aliyelifanyia kazi Marekani mwaka 1916. Kampuni ya Georg Neumann ilianzishwa Berlin mwaka 1928, na maikrofoni yake ya CMV 3 ndiyo iliyoingiza kondensa katika uzalishaji wa kiwandani. Kapsuli yenye uwezo wa kusikia upande mmoja zaidi ya mwingine ilitokana na kazi ya Hans-Joachim von Braunmühl na Walter Weber mwaka 1935, na msingi wao bado unatumika katika karibu kila kapsuli kubwa inayotengenezwa leo.

Watu wa studio wanapotamka neno "za zamani" kwa heshima, mara nyingi wanazungumzia kizazi cha baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Neumann U 47 ya mwaka 1949 ilitumia valvu ya VF14 na kapsuli ya M7. Ndiyo iliyosikiliza sauti ya Frank Sinatra katika studio za Capitol, na pamoja na ndugu yake U 48 ilitumiwa na Beatles katika studio za Abbey Road. Kampuni ya AKG ya Vienna ilitoa C 12 mwaka 1953, ikiwa na kapsuli ya CK 12 na sanduku la pembeni la kubadilishia kwa mbali umbo la usikivu, yaani pande ambazo maikrofoni husikia. U 67 ilifuata mwaka 1960. Kisha transista ikaingia: Neumann U 87 ilitoka mwaka 1967, na familia ya AKG C 414 ikaanza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aina hizi mbili za mwisho ndizo ambazo mtu wa kawaida ana uwezekano mkubwa wa kukutana nazo, na ndizo zinazofaa zaidi kazi ya jukwaani, kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanazitazama hizo.

Je, ni kweli kwamba maikrofoni ya zamani ina sauti nzuri kuliko mpya?

Baadhi yake, ndiyo, zikiwa zimetunzwa vizuri. Zilitengenezwa kwa mikono ya mafundi waliokuwa na muda wa kukaza kila kiwambo na kukilinganisha na kingine, na saketi zake zilibuniwa kwa ajili ya kapsuli mahususi, si kwa kapsuli yoyote itakayopatikana sokoni.

Hata hivyo, umri wenyewe hauongezi uzuri. Kiwambo cha plastiki hukakamaa au hulegea, rezista (vipuri vinavyokinza umeme) hubadilika thamani, kapasita hukauka, na pumzi za waimbaji wa miaka 40 huacha tabaka la uchafu juu ya dhahabu. Maikrofoni mbili za U 87 zilizotoka kiwandani zikifanana zinaweza leo kutoa sauti tofauti kabisa, kwa sababu moja ilikaa kabatini ndani ya sanduku lake na nyingine ilining'inia kwa miaka mingi katika chumba cha wavutaji sigara. Kwa maoni yangu, anayesema kwamba amesikia "sauti ya U 87 ya zamani" amesikia maikrofoni moja tu katika hali yake moja, na anapaswa kujiuliza ni hali gani.

Nikitaka kununua, nikague nini?

Omba kuisikiliza kabla ya kulipa, ukiwa na vipokea sauti vya masikioni na katika chumba kimya. Iwashe na uiache kwa nusu saa. Maikrofoni yenye hitilafu ya unyevu au ya rezista mara nyingi hukaa kimya dakika za mwanzo, kisha huanza kunguruma, kufoka au kupasuka-pasuka, na muuzaji anayekuharakisha huenda anajua hilo.

Baada ya hapo jaribu kila umbo la usikivu ambalo maikrofoni inalo. Kapsuli nyingi za aina hii zina viwambo viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma. Katika umbo la moyo, ambalo husikia mbele na kukataa nyuma, kiwambo cha nyuma hakipewi umeme; katika umbo la pande zote hupewa umeme sawa na wa mbele; katika umbo la nane, ambalo husikia mbele na nyuma, hupewa ulio kinyume chake. Hii ina maana kwamba maikrofoni inaweza kusikika vizuri kabisa katika umbo la moyo ilhali kiwambo chake cha nyuma kimeharibika. Weka umbo la nane, zungumza mbele, kisha zunguka nyuma kwa umbali uleule na kwa sauti ileile. Tofauti ndogo ya sura ya sauti ni ya kawaida, lakini upande mmoja ukiwa hafifu waziwazi, au ukikosa besi, kapsuli ina tatizo.

Muulize muuzaji pia kama kapsuli ni ya awali, kama imewahi kuwekwa kiwambo kipya, na nani alifanya kazi hiyo. Kwa C 414 swali hili ni la lazima. Matoleo ya mwanzo ya C 414 EB yalikuwa na kapsuli ya CK 12 yenye fremu ya shaba, na baadaye ikawekwa kapsuli ya plastiki ndani ya mwili unaofanana. Sauti si moja, na thamani katika soko si moja. Mwili peke yake hauwezi kukuambia kilicho ndani. Angalia vichwa vya skrubu: vikiwa vimechakaa, kuna mtu aliyefungua, na una haki ya kujua alikuwa anatafuta nini.

Usiipulizie kamwe ili kuijaribu. Pumzi hupeleka unyevu na mate moja kwa moja kwenye kiwambo, na msukumo wake unaweza kukibandika kwenye bamba.

Kapsuli iliyowekwa kiwambo kipya imepoteza thamani?

Inategemea kilichokuwapo. Kapsuli za M7 za awali zilikuwa na viwambo vya PVC, na PVC hukakamaa na kupasuka inapozeeka. M7 ya miaka ya 1950 ambayo haijaguswa huenda ni kitu cha kujivunia katika mkusanyiko, lakini si lazima iwe kitu cha kuimbia. Neumann yenyewe baadaye iliacha PVC ikatumia poliesta katika kapsuli ya K 47, ambayo hudumu zaidi. Kiwambo kipya kilichowekwa na fundi anayejulikana kwa kazi hiyo, ambaye amekikaza kwa kipimo na kulinganisha pande zote mbili, ni bora kuliko kiwambo cha awali kilichokufa. Kiwambo kipya kilichowekwa na mtu asiyejulikana ni kamari, na bei inapaswa kuonyesha hivyo.

Inahitaji umeme wa aina gani?

Maikrofoni za valvu huja na sanduku lake la umeme na kebo maalumu yenye nyaya nyingi. Sanduku hilo halibadilishani: U 47 hutumia volti 105, na aina nyingine zina volti zake na mpangilio wake wa nyaya. Kuchomeka sanduku lisilo lake kunaweza kuunguza valvu, na VF14 si kitu cha kupoteza, kwani kampuni ya Telefunken iliacha kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950. Tafadhali usifungue sanduku la umeme mwenyewe. Kapasita zake zinaweza kubaki na chaji hatari hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani.

Maikrofoni za transista hutumia umeme wa fantomu, yaani volti 48 zinazopanda kwenye kebo ileile inayoshusha sauti. Mfumo huu Neumann iliuandaa mwaka 1966 kwa ajili ya shirika la utangazaji la Norway, ambalo tayari lilikuwa na umeme wa volti 48 katika studio zake kwa ajili ya taa za dharura, na volti hiyo ikabaki kuwa kawaida ya dunia nzima. Mikisa au kadi ya sauti yenye swichi iliyoandikwa 48V inatosha. Shusha sauti ya spika kabla ya kuwasha au kuchomeka, kisha ipe maikrofoni dakika moja itulie.

Kuna jambo kuhusu U 87 linalowasumbua wengi. U 87 ya kwanza inaweza pia kutumia betri mbili za volti 22.5 ndani ya mwili wake, na kapsuli yake hupata umeme mdogo kuliko ule wa U 87 Ai iliyoichukulia nafasi mwaka 1986. Kwa sababu hiyo, U 87 ya kwanza hutoa ishara iliyo chini kwa karibu desibeli 10. Ukiiweka kando ya Ai na ukaona kwamba unalazimika kuongeza sauti kwenye mikisa, usidhani imeharibika. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa.

Plagi yake haiingii kwenye kebo zangu. Nifanye nini?

Maikrofoni nyingi za Ulaya za wakati ule zilikuwa na plagi ya Tuchel badala ya XLR, plagi ya pini tatu inayotumika kwa kawaida leo. Nunua au tengenezesha kebo ya kubadilisha, na usikubali mtu akate plagi ya awali ili kuweka nyingine. Kwenye U 87, herufi ndogo "i" baada ya namba huonyesha kwamba ilitoka kiwandani na XLR.

Ninaweza kuitumia jukwaani?

Ndiyo, kwa masharti, na sharti la kwanza ni kufikiria spika kabla ya kufikiria maikrofoni. Maikrofoni ya kondensa husikia mengi: chombo unachokitaka, ngoma iliyo kando yake, na spika za kusikilizia zilizo sakafuni. Sauti ya spika ikirudi kwenye maikrofoni na kutoka tena kwenye spika, mluzi huanza. Kinachokuokoa ni kujua mahali ambapo maikrofoni haisikii. Umbo la moyo lina uziwi wake nyuma kabisa, hivyo spika ikae nyuma ya maikrofoni. Umbo la nane halisikii pembeni, kushoto na kulia, hivyo spika ikae pembeni. Umbo la moyo lililobanwa, ambalo C 414 EB inalo na U 87 haina, lina uziwi wake kati ya pembeni na nyuma, hivyo spika moja iliyowekwa nyuma kabisa ni kosa, na spika mbili zilizosogezwa huku na huku ndizo sahihi. Umbo la pande zote uliache studioni.

Kwa mwimbaji mkuu anayetembea na maikrofoni mkononi, kondensa ya zamani haifai: haikuundwa ishikwe, hunasa kila mguso, na ikianguka mara moja hasara ni kubwa. Mpe maikrofoni ya dainamiki, aina ya kawaida ya mkononi isiyohitaji umeme. Mahali ambapo kondensa kubwa hung'ara jukwaani ni juu ya ngoma ili kuchukua matoazi, ndani au kando ya piano kubwa, mbele ya kundi dogo la waimbaji waliosimama, na mbele ya vyombo vya nyuzi au vya kupuliza vinavyochezwa na watu wasiohama. Iwekwe kwenye stendi nzito yenye miguu mipana, na kebo ifungwe kwenye stendi ili mtu akijikwaa avute stendi na si plagi.

Jambo la mwisho kuhusu jukwaa ni la hukumu zaidi kuliko ufundi. Kwenye tamasha la nje lenye vumbi, upepo na dalili za mvua, mimi nisingepeleka maikrofoni ya miaka 50 hata kama mwenye tamasha ameomba. Faida yake itafunikwa na kelele za uwanja, na madhara yatabaki baada ya tamasha.

Swichi za kupunguza sauti na kukata besi hutumika lini?

Swichi iliyoandikwa -10 (desibeli 10) hupunguza ishara kabla haijaizidi nguvu saketi ya ndani. Kwenye U 87 Ai huinua kiwango cha juu cha sauti kutoka desibeli 117 hadi 127, na tofauti hiyo ina maana mbele ya ngoma au tarumbeta. C 414 EB ina hatua mbili, -10 na -20. Ukisikia mkwaruzo ambao hauondoki hata unaposhusha kitufe cha mikisa, mkwaruzo huo unatokea ndani ya maikrofoni, na swichi hii ndiyo dawa. Swichi ya kukata besi itumie kwa kishindo cha miguu sakafuni, muungurumo wa viyoyozi, na besi inayovimba mwimbaji anapokaribia sana.

Mwimbaji akae umbali gani?

Anzia sentimita 15 hadi 25, ukiwa na kichujio cha pumzi katikati, kisha sikiliza. Katika umbo la moyo na la nane, besi huongezeka kadiri chanzo kinavyokaribia. Sauti nyembamba inaweza kupata mwili kwa kusogezwa, na sauti nzito inaweza kupata uwazi kwa kurudishwa nyuma. Katika umbo la pande zote badiliko hilo halipo, jambo linalofaa kwa mwimbaji asiyetulia, mradi chumba chenyewe kiwe kizuri. Kumbuka kwamba maikrofoni hizi husikia kwa ubavu, upande wenye nembo, wala si kwa ncha. Wapo waliorekodi kipindi kizima wakiiimbia ncha.

Inapasuka-pasuka kila wakati wa mvua. Imekufa?

Pengine hapana. Ndani ya kapsuli umeme unazuiwa usivuje kwa ukinzani mkubwa mno, hivyo tabaka jembamba la unyevu juu ya uchafu linatosha kuupa njia ya kupita, na kila mvujo unasikika kama mpasuko. Iweke katika chumba kikavu chenye joto la kawaida, ndani ya chombo kilichofungwa chenye vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, kwa siku moja au mbili. Ikipona kisha ikarudia, kiwambo kinahitaji kusafishwa, kwa sababu unyevu peke yake hauna mahali pa kushika kwenye kiwambo safi.

Naweza kuisafisha mwenyewe?

Mwili na wavu wa nje, ndiyo, kwa kitambaa kikavu. Kiwambo, hapana. Unene wake huhesabiwa kwa maikroni chache, yaani elfu chache za milimita, na dhahabu iliyo juu yake ni nyembamba zaidi ya hapo. Pamba, spiriti au hewa ya mtungi inaweza kuing'oa kwa mpito mmoja. Mafundi wanaoifanya kazi hii hutumia maji yaliyotoneshwa, brashi laini, darubini na subira, na hata wao huanza kwa kumweleza mwenye mali kwamba hatari ipo.

Nakala za kisasa zinaweza kuchukua nafasi yake?

Baadhi zinakaribia, nyingine zinaiga umbo tu. Mfano mzuri ni kapsuli ya U 67 na U 87, ambayo kwa asili ina mwinuko mkubwa katika masafa ya juu. Wabunifu wa Neumann walilijua hilo, wakaweka katika saketi njia ya kuushusha mwinuko huo. Watengenezaji wengi wa bei nafuu walichukua umbo la kapsuli, wakaifunga kwenye saketi isiyoshusha chochote, na matokeo yake ni sauti kali inayochoma kwenye herufi "s". Ukilinganisha nakala, uliza kwanza kuhusu saketi.

Neumann yenyewe ilirudisha U 67 mwaka 2018, na baada ya ofisi za AKG mjini Vienna kufungwa mwaka 2017, baadhi ya wahandisi wake walianzisha kampuni ya Austrian Audio, inayotengeneza kapsuli zenye mizizi katika CK 12. Kwa mtu anayehitaji maikrofoni ya kazi ya kila siku, yenye dhamana na vipuri, hizo ni njia za heshima.

Niihifadhi vipi kati ya kazi na kazi?

Ikiwa itatumika tena kesho, iache kwenye stendi na uifunike kwa mfuko safi wa plastiki ili vumbi lisitue. Ikiwa itakaa zaidi, irudishe kwenye sanduku lake pamoja na kifuko cha silika, na ukibadilishe kifuko kinapojaa unyevu. Ukitoka nayo mahali penye baridi kuingia ukumbi wenye joto na watu wengi, iache ndani ya sanduku mpaka ifikie joto la ukumbi ndipo uiwashe, kwa maana umande unaotua kwenye kiwambo baridi huleta mipasuko ileile iliyoelezwa hapo juu. Andika kwenye kadi ndogo ndani ya sanduku tarehe ya kila matengenezo, jina la kipuri kilichobadilishwa na swichi zilivyokuwa, na vipuri vya zamani vilivyotolewa vihifadhi humo humo, kwa kuwa fundi atakayefuata atavihitaji ili kujua saketi ilikuwaje ilipotoka kiwandani.